Shahidi wa Mjomba

Mjomba alikuwa sokwe, na hoteli yenye bustani kubwa ilimpa jina hilo ili wageni wapate cha kuchekea. Wakili aliyemtetea alikuwa mwanamke mwenye maswali mengi kuliko majibu. Tangu afungue kesi, mawakili wenzake walikuwa wakimpokea mlangoni na maganda ya ndizi. "Mteja wako amekuachia haya!" Alicheka nao, lakini asikudanganye mtu kwamba hakuumia. Aliumia sana.

Hata mama yake hakumwacha. "Mwanangu, nilikusomesha ukaseme na wanyama?"

"Kuwasemea, mama. Si kusema nao."

"Haya. Na huyo Mjomba amekwambia anataka kutoka?"

Hilo ndilo lililomnyima wakili usingizi. Aliiomba mahakama itamke kwamba sokwe naye ana haki ya kutofungiwa maisha yake yote bila kosa, na ahamishiwe hifadhi ya msituni waliko sokwe wenzake. Lakini shahidi hakuwa naye. Mwenye hoteli alileta daktari wa mifugo aliyesema mnyama amenawiri, akaleta na wageni walioapa kwamba ana furaha tele, mbona anawapungia mkono? Yeye amwite nani aje kueleza ilivyo kukaa mule ndani? Hakimu, mama wa makamo asiyependa mzaha, alikuwa amekwisha kumwonya: asipoleta ushahidi, kesi anaitupa.

Alikuwa na kitu kimoja tu, nacho hakukielewa. Kila alipokwenda kumtazama, Mjomba akishapunga mkono na kutupiwa karanga zake, alikwenda kujibanza nyuma ya nguzo ya matofali, kati yake na ukuta wa nyuma. Banda lilikuwa na nafasi, lina kamba ya kubembea na gogo la kupanda. Kwa nini basi nguzo? Mwenye hoteli alisema anapenda kivuli. Wakili akaenda siku ya mvua, akatota chapachapa, akamkuta palepale. Kivuli gani tena jamani, jua lenyewe halipo?

Akaiomba mahakama nzima iende ikajionee. Mwenye hoteli hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliahidi na maji ya matunda juu.

Wakaenda hakimu, karani, mawakili wa pande zote mbili, na askari wa mahakama ambaye watu wote walimwita Komeo. Bwana huyu hajapata kuona mlango wazi akauacha. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kuingiza washitakiwa mahabusu na kufunga nyuma yao. Mkono ulizoea hivyo hata nyumbani mkewe, akienda kuoga, hujikuta amefungiwa kwa nje.

Banda lilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na wavu wa chuma, na nguzo ile ilisimama katikati, pale wavu unapokaribia ukuta. Mjomba alisogezwa upande mmoja. Hakimu akataka kuona upande wa pili, anakolala. Akainama, akaingia. Komeo naye akafanya alichozoea. Kufuli likalia ka!

"Wewe!" alisema hakimu.

"Mheshimiwa," alijibu Komeo, akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Ufunguo alikuwa nao mfagiaji wa banda, na mfagiaji alikuwa amekwisha kutumwa sokoni kununua matunda ya kuwakaribishia wakubwa. Mwenye hoteli akatoka mbio huku akipiga simu, jasho linamvuja. Karani akainamisha kichwa, midomo ameibana asije akacheka na kufukuzwa kazi.

Wageni wakasikia zogo, wakaja. Hakimu gani wanamjua? Walichoona ni mama mwenye suti nyeusi ndani ya banda la sokwe. Simu zikatoka mifukoni. "Punga mkono, mama!" mmoja alipiga kelele. Mwingine akarusha karanga, ikampata begani. Wakili akawafukuza upande huu, wakajaa upande ule, kwa kuwa banda lilikuwa na nondo pande tatu. Hakimu akawaambia yeye ni hakimu. Lo! Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Aligeuka kushoto, akakuta simu. Akageuka kulia, simu. Ndipo akaanza kurudi nyuma taratibu, macho yakitafuta. Wakili alimfuata kwa macho, maana alijua anakokwenda kabla hakimu mwenyewe hajajua. Hakimu alifika kwenye nguzo, akajipenyeza nyuma yake, akakaa chini na suti yake ile. Katika banda zima, hapo tu ndipo mtu asingeweza kuonwa uso. Upande wa pili wa wavu Mjomba alikuwa amekwisha kukaa.

Mfagiaji alipofika na kufungua, hakimu alitoka akijipangusa vumbi. Wakili alisubiri amri.

"Najitoa katika kesi hii," alisema hakimu.

Wakili akamsogelea. Mtu mmoja ameelewa, naye anaondoka! "Mheshimiwa, tafadhali, nakuomba..."

"Sheria hainiruhusu kuamua jambo lililonikuta mwenyewe. Atapangwa hakimu mwingine." Akatoa ganda la karanga kwenye nywele. "Halafu, wakili, si ulikuwa unalia kwamba huna shahidi?"

Siku ya ushahidi chumba kilijaa mpaka madirishani. Mama yake wakili naye alikuja, "kupita tu," alisema, na akawahi kiti cha mbele. Shahidi alikula kiapo mbele ya hakimu mpya, akaeleza yote, na karanga akazitaja. Wakili wa hoteli akasimama akitabasamu.

"Kwa heshima zote, mama. Mjomba amekaa mule miaka na miaka. Wewe ulikaa nusu saa. Nusu saa inaweza kukufundisha nini?"

"Kidogo sana," alijibu. "Maana muda wote nilijua nitatoka."

Wakili wa hoteli akakaa. Hakimu mpya aliweka kalamu chini, akataka kujua hifadhi inaweza kumpokea Mjomba lini.

"Hata leo, mheshimiwa," alisema wakili, machozi yakimtiririka mbele ya wale wale wa maganda ya ndizi, wala hakujali.