Siku Tuliyolaza Mnyororo

Mnaniuliza kazi ya kuchora ramani nilisomea wapi. Sikusomea popote! Niliipata kwa mgongo wa baba yangu, Mzee Yakobo wa Mwika.

Mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa mshika mnyororo wa kupimia wa bwana mpima ardhi, Mwingereza. Mlowezi mmoja alitaka kupitisha barabara ya shamba lake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa tulilorithi kwa babu. Baba angepewa kipande kingine cha ukubwa uleule, juu kidogo, nako mteremko mtupu.

Jirani yetu Rogath alikuja na kamba. "Mzee, tupime na sisi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Baba akacheka. "Mnyororo anaushika Efraimu wangu. Nipime nini tena?"

Siku ya kwanza, kihambani kwetu, tulinyoosha mnyororo hewani, sawasawa, ndivyo upimaji unavyotaka. Mteremko ukipimwa hivyo, kwenye karatasi unapungua. Siku ya pili, kwenye kipande kipya, bwana mpima akasema, "Leo ulaze chini." Ukiulaza, mnyororo unafuata mteremko, na kipande kidogo kinasomeka kikubwa. Nilimtazama. Alijua kwamba najua. Akaniambia taratibu, "Efraimu, mwandiko wako mzuri. Dar es Salaam wanatafuta mchora ramani."

Nikaulaza. Mungu anisamehe, nikaulaza mpaka mwisho.

Baba akatia kidole gumba kwenye karatasi ya kubadilishana. Mvua zilipofika akahamisha migomba yake, na safu nne nzima zikakosa pa kukaa. Majirani wakakusanyika. Rogath akapima kwa kamba yake mbele ya wote, kisha akanigeukia.

"Haya, fundi. Sema!"

Barua ya kazi ilikuwa mfukoni mwangu tayari. Nikaifunika kwa kiganja.

Baba alinitazama, nikaona ameshaelewa yote. Akawageukia majirani.

"Mwacheni mwanangu. Siku ile bwana mpima aliniuliza mpaka wa kihamba, nikamwonyesha vibaya mimi mwenyewe. Uzee huu."

"Lo! Mzee hajui hata mpaka wake!" akasema mmoja, na wote wakamcheka, mzee wa watu, katikati ya migomba yake iliyong'olewa.

Na mimi nikacheka nao.