Mama wa Rafu ya Chini

Jumamosi asubuhi mshonaji aliloweka jelatini kwenye maji baridi, akamimina krimu kwenye sufuria, akatia sukari na vanila, akasimama akikoroga. Krimu ya panakota, kitamutamu cha kugandishwa kwenye friji, haichemshwi. Inapata moto tu, mvuke ukianza kupanda unaipua. Ingechemka mama yake angejua, maana alipika vitamutamu kwenye jiko la hoteli tangu ujana wake, na kufa hakukumpunguzia ujuzi.

Akaitia jelatini, na ilipoyeyuka humo akachuja, akajaza vikombe, akasubiri vipoe, akafungua friji. Taa ikawaka. Mama yake alikuwa rafu ya chini, magoti kifuani, shali begani. Alihamia humo wiki ile ile ya mazishi, akisema kule walikomlaza kuna joto. Majirani walikuja kumsalimia, wakamwambia amenawiri, na kwa kuwa friji ilikuwa wazi, wakaomba na maji ya kunywa.

Mshonaji akamwomba asogee kidogo. Mama akasogea, akavipokea vikombe, akavipanga ubavuni. Kisha akauliza Baba anakuja saa ngapi. Baba ni mwanawe wa kiume, kitinda mimba. Alimwita hivyo tangu yuko kwenye nepi. Mshonaji, mama alimwita tu "wewe".

Mama alipougua, ni mshonaji aliyefunga kibanda chake cha cherehani, akawa anamgeuza kitandani, anamwogesha, anamlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Mdogo wake alipiga simu. Basi mama alizisimulia simu zile kwa kila aliyekuja kumwona, jinsi mtoto yule alivyo na huruma, na mshonaji yuko pale pale na beseni mkononi.

Hayo hakuyadai. Alichotaka ni kikombe kimoja. Tangu utotoni fungu lake lilikuwa kukwangua sufuria kwa kidole, panakota ingali vuguvugu na majimaji. Iliyoganda hakuwahi kuionja. Alijaribu mara moja kuchukua, mama akiwa tayari humo frijini, akapigwa kofi la mkono. Baridi ya kofi lile ilimwacha vidole vimekufa ganzi, na mpaka leo sindano anaishika kwa macho tu, haisikii.

Jioni mdogo wake akafika, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Akafungua friji na kuamkia. Mama akacheka mpaka chupa zikagongana. Alikula hapo hapo akiwa wima, kikombe baada ya kikombe, mama akimpokeza, mlango wazi muda wote. Akasema sukari imezidi kidogo. Mama akasema kweli, atamwambia dada yake, naye dada yake amesimama hapo hapo ameshika kitambaa cha kufutia sakafu. Kisha mdogo wake akasema ana haraka, akaaga, akaenda zake. Alikuwa ameshiba, kikombe kimoja kikabaki.

Mshonaji akachuchumaa mbele ya friji.

"Mama, hiki nile mimi?"

Mama akakitazama kikombe, halafu akamtazama yeye, akamtazama sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona huyu.

"Wewe," akasema mwishowe, "funga mlango. Baridi inatoka."

Mshonaji akafunga mlango. Iliuma, lakini kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi. Akaenda kwenye sinki, akaitoa sufuria, akakwangua utando uliokaukia pembeni, akalamba kidole. Ulikuwa mtamu. Hakuona kama umezidi.

Akaiosha sufuria, akaifunika, akazima taa ya jikoni. Ndani ya friji mama alisikika akikisogeza kile kikombe nyuma kabisa, kisije kikaonekana.

Jumamosi iliyofuata mshonaji alipunguza sukari.