Msusi wa Jumanne

Kichwa cha mkwe wangu ndicho kilichonipa maswali.

Nilikuwa nimekuja kwa mwanangu kumwogesha mjukuu, nikapewa chumba cha nyuma, dirisha linatazama uani. Hapo uani mwanangu huchomelea milango ya vyuma, kutwa ni cheche na makelele. Mkewe ni fundi cherehani, maneno machache, mikono myepesi. Tulipatana vizuri sana, isipokuwa kwenye jambo la maji.

Mtoto akilia, mimi nachemsha maji, napooza, natia chembe za sukari, nashika kijiko. Kijiko hakijafika mdomoni, mkwe huyo! "Lete mama, nikusaidie." Anapokea kikombe, anakigeuza chote kinywani mwake. "Nilikuwa na kiu," anasema, halafu anampakata mtoto na kumpa ziwa. Siku ya kwanza nilicheka. Kesho yake tena, kiu. Nikawaza, huyu binti ana mtungi tumboni? Na kama ni kiu, mbona jagi lililojaa pale mezani haligusi?

Halafu kuna huyo msusi. Kila Jumanne anaingia na kikapu cha machanuo, mgongoni kambeba binti yake mwenye mashavu kama maandazi. Wanajifungia chumbani. Nasikia wanacheka, mara wananong'ona, mara kimya, mara mtu anapenga kamasi, wanacheka tena. Msusi akishaondoka, natazama kichwa cha mkwe. Mistari ileile! Hata ule mmoja uliofumuka juu ya sikio la kushoto, umefumuka vilevile.

Nikamwuliza mwanangu, "Mkeo anasukwa nini humo ndani?"

"Mama, hayo mambo ya wanawake," akasema, akashusha ngao yake ya kuchomelea usoni, cheche zikaruka. Mtu mwenye kazi ya kufunika uso ana raha yake.

Basi Jumanne iliyofuata nikaweka kigoda changu mlangoni pa kile chumba, nikawa nachambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi, niliuchambua jana yake. Msusi akafungua mlango, akanikuta nimeziba njia.

"Shikamoo mama. Naomba nipite."

"Marahaba mwanangu. Utapita. Kwanza, kitendawili!"

Akacheka. "Tega!"

"Anakuja na machanuo, anakaa mpaka chai inapoa, anaondoka, na kichwa anakiacha kama alivyokikuta."

Kicheko kikamkauka. Akamtazama bintiye, akatazama kikapu, akatazama mchele wangu. Niliona jibu analo, limejaa mdomoni, ila hataki kulitoa.

"Hiki kimenishinda, mama."

"Kama kimekushinda, nipe mji."

"Mji gani, mama? Mimi nimepanga chumba kimoja tu."

"Nipe hiki hapa." Nikaelekeza kidole ndani. "Nataka kuingia."

"Mji huu si wangu," akasema taratibu. "Una mwenyewe."

Hapo nikampenda yule msusi. Alisimama kama kitasa. Sauti ya mkwe ikatoka ndani, nyembamba: "Mpe mama mji wake."

Nikaingia. Mkwe alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, kandoni kichupa cha dawa ya maji na bomba dogo la plastiki lisilo na sindano.

"Mama, mimi nina virusi vya Ukimwi. Niliambiwa nikiwa mjamzito. Nakunywa dawa kila siku, na mtoto nampa hii ya matone. Baba yake anajua. Amebaki... ulikuwa umebaki wewe."

Nikakaa kitandani kando yake. "Na mjukuu wangu?"

"Kipimo chake cha kwanza ni kizuri. Bado vingine."

"Na maji yangu? Yana kosa gani maji yangu?"

Msusi akarudi ndani, akafunga mlango. Alimtazama mkwe kwanza. Mkwe akaitikia kwa kichwa. "Mama, na mimi ninaishi navyo. Kule kliniki, sisi tuliopita njia hii tunawashika mkono wanaoanza. Mama akinywa dawa zake vizuri, maziwa yake peke yake ndiyo tunayofundishwa kumpa mtoto mpaka atimize miezi sita. Ukimchanganyia maji na uji mapema, tumbo changa linakwaruzika, virusi vinaweza kupata upenyo." Akamshusha bintiye sakafuni. "Huyu anayetafuna chanuo langu alilelewa hivyohivyo. Vipimo vyote vimekwisha. Hana."

Nikamtazama yule mtoto. Chanuo lilikuwa limebaki nusu ya meno.

"Ndiyo maana ulikuwa na kiu," nikamwambia mkwe.

Akalia na kucheka kwa pamoja. "Nilishindwa kukukatalia, mama. Na nikikueleza sababu, niliogopa utaniambia nifungashe."

"Ufungashe? Ukiondoka, maji yangu atakunywa nani?"

Niliuliza maswali mpaka chai ikapoa mara ya pili. Kidonge kina ladha gani? Matone anayatema? Ukisahau, unafanya nini? Walinijibu yote, kisha na mimi nikawafundisha kazi yao: "Nyie wasiri gani? Mnajiita msusi na mteja wake, mnaongea mpaka mnasahau kusuka! Mimi nimewagundua kwa kichwa, na mtaa huu una macho. Haya, shika chanuo."

"Nianze na nani?" akauliza msusi.

"Na mimi. Mvi nazo zina haki."

Tulikuwa hapo, kichwa changu nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, jirani yetu muuza mitumba alipobisha hodi na kikombe mkononi. "Nimemsikia mtoto analia. Nimemletea kauji kepesi, maskini, maziwa hayamtoshi huyo."

Mkwe akaanza kuinuka. Nikamwashiria akae.

"Lete jirani, nikusaidie," nikasema. Nikapokea kikombe, nikakigeuza chote mpaka tone la mwisho, nikafuta midomo.

Jirani akabaki ameduwaa. "Bibi! Si cha mtoto hicho?"

"Nilikuwa na kiu," nikamwambia. "Na mtoto wa humu ndani hapewi kitu mpaka bibi yake aseme. Ukiona vibaya, nilaumu mimi."

Nyuma yangu mkwe alikuwa ameuma kanga asicheke, na mtoto yuko kwenye ziwa, ananyonya kwa kelele.