Jino Halijambo

Daktari wa meno alikuwa anakula kwa shangazi yake huku anatabasamu peke yake. Kesho yake angesimama mbele ya madaktari wenzake kuwaeleza dawa mpya ya kuziba meno. Utafiti aliufanya mwenyewe, kwenye kliniki yake mwenyewe, na majibu yalikuwa matamu: karibu wagonjwa wote walisema jino halijambo. Wenzake walishaahidi kwamba wakiridhika, nao wataanza kuitumia. Basi alikuwa na haki ya kutabasamu, maskini, maana hakujua.

Shangazi, aliyemlea tangu mgongoni, alikuwa anatafuna upande mmoja. Tonge likipotea njia likaenda kulia, anafumba jicho.

"Shangazi, lile jino nililokuziba?"

"Halijambo, mwanangu. Kula."

"Hebu fungua mdomo."

"Kwenye chakula? Ndiyo adabu hiyo?"

Lakini alifungua, na mpwa wake akamulika kwa simu. Dawa imepasuka katikati, na chini yake jino limeoza, jeusi. Na shangazi alikuwa mmoja wa wagonjwa wa utafiti, kahesabiwa kapona.

"Si nilikuuliza ulipokuja kliniki?"

"Uliniuliza?" Shangazi alishangaa kwelikweli. "Ulipita mbiombio, makaratasi kwapani, ukasema, 'Shangazi, jino halijambo?' Nikakuitikia. Mtu akikusalimia unamtajia magonjwa yako hapohapo? Nilingoja ukae ndipo nikueleze. Hukukaa. Hata yule mama niliyekuwa naye kwenye benchi, lake lilikuwa linamliza. Naye akakwambia halijambo. Akasema kijana kajitahidi, tusimvunje moyo."

Daktari akasogeza sahani pembeni. Aliona aibu ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Wagonjwa hawakudanganya, yeye ndiye aliyeokota salamu akaziita ushahidi. Wala asingesema hakuonywa. Daktari mwenzake alimshauri mapema amwachie mtu mwingine, asiyejua nani kazibwa kwa dawa ipi, mpya au ya zamani, ndiye ayakague meno. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alimwambia. Naye akanuna, eti kaitwa mwongo.

Asubuhi ukumbi ulijaa, na mwenzake huyo kakaa mstari wa mbele.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri," waliitikia wote.

"Kuna anayeumwa humu?"

Wakatazamana. Mmoja akasema mgongo unamsumbua. Mwingine akasema ana mgonjwa nyumbani, hajalala.

"Lakini mmesema nzuri." Akaweka makaratasi yake mezani. "Mimi hapo ndipo nilipoandika 'kapona' nikaenda zangu. Dawa yangu msiitumie. Sijui kama inafaa, na nilijifanya najua. Shangazi yangu ameumwa muda wote huo kwa sababu nilimuuliza nikiwa nimesimama."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Yule mwenzake aliangalia viatu vyake, akimwonea haya, na hilo lilimchoma kuliko yote.

Mchana alirudi kwa shangazi kumchukua ili akamtibu lile jino. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Habari za mkutano, mwanangu?"

"Nzuri," akajibu.

Shangazi akamtazama, kisha akamvutia kiti.

"Haya, kaa," alisema. "Sasa niambie."