Leo Bibi Amekaa Upande Gani

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye cherehani, fundi wa nyumba ya tisa hutoka nje kutazama mama yake amekaa upande gani wa barabara. Akishamwona, humpelekea shuka la kujifunika miguu, kisha hurudi kwenye nguo za watu.

Mtaa wenyewe ni mwembamba. Magari yakiegeshwa upande mmoja, jingine linapita kwa kujibana. Yakiegeshwa pande zote mbili, hata mkokoteni haupiti. Ndiyo maana manispaa ilisimamisha kibao pale kona: tarehe witiri egesha kushoto, tarehe shufwa egesha kulia. Lakini nani ana muda wa kutazama kalenda asubuhi yote ile? Watu walijipangia njia yao rahisi: jana gari lilikuwa kushoto, leo lihamie kulia, basi. Njia hiyo haikuwa na shida mpaka mwezi ufike tarehe thelathini na moja. Thelathini na moja ni kushoto, na tarehe moja inayofuata ni kushoto vilevile. Waliokumbuka waliacha magari palepale. Waliofuata mazoea walihamia kulia. Nusu kwa nusu, kila mara, na kila mmoja akijiona yeye ndiye mwenye akili.

Fundi alikuwa ameandika barua tatu kuomba magari yakae upande mmoja siku zote. Ile ya tatu alienda kuichapisha kabisa, akidhani labda mwandiko wake ndio uliokuwa tatizo.

Tarehe moja baada ya mwezi kama huo, mama yake, karani mstaafu wa posta, alibanwa na kifua. Fundi alipiga simu, akamtoa nje taratibu, akamkalisha kwenye kigoda ukingoni mwa barabara.

"Kaa hapa, mama. Usiondoke. Gari linakuja."

Gari la wagonjwa lilikuja, tena upesi, tusimsingizie dereva. Lilisimama kona, nyumba nane kutoka pale, mbele ya magari yaliyojaa pande zote. Dereva akapiga honi. Wenye magari wakatoka na funguo mkononi, wakaanza kubishana tarehe. Wahudumu walipofika kwa miguu, wakiwa wameinua machela juu ya vichwa vyao, mama alikuwa ameshafariki, mikono yake mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani.

Walimzika kesho yake. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, anasubiri gari.

Hakuna aliyekimbia. Muuza gesi wa nyumba ya kumi na moja alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda zake kazini. Fundi alilia, maana alijua vizuri ni nani aliyemwambia asiondoke, na roho ilimuuma. Alimsihi aingie ndani. Alimsihi aende akapumzike. Mama alikuwa mtu wa taratibu. Miaka thelathini pale posta hakuwahi kumhudumia mtu aliyeruka foleni. Alijibu kwamba ameambiwa gari linakuja.

Wiki hiyohiyo askari wa maegesho alipita na daftari lake, akakuta kigoda kiko kulia na siku ni ya kushoto. Alimweleza kwa adabu zote kwamba kanuni haikutaja magari peke yake, imetaja chochote kinachokaa barabarani. Mama alimshukuru kwa kumwelewesha. Tangu hapo akawa anahamisha kigoda mwenyewe kila kukicha, na hakukosea hata siku moja. Mwezi ulipoisha na thelathini na moja, kesho yake alibaki kushoto.

Watu hawakuchelewa kuligundua hilo. Wakaacha kuhesabu. Mtu alitoa kichwa dirishani, povu la dawa ya meno bado mdomoni, akauliza leo bibi amekaa upande gani, kisha akashuka kuhamisha gari. Mtaa haukuziba tena. Mke wa muuza gesi alishikwa na uchungu tarehe moja, siku ileile mbaya, na gari la wagonjwa liliingia mpaka mlangoni kwake. Lilipokaribia kigoda, mama aliinuka, akajitengeneza nguo. Lilimpita likienda, likampita likirudi. Alilitazama mpaka lilipokata kona, kisha akaketi.

Fundi aliyaona hayo yote dirishani. Tarehe thelathini na moja ya mwezi huo alipiga moyo konde, akafunga kazi, akaenda manispaa. Hakutaka pole wala sifa. Alitaka kibao kibadilishwe, upande mmoja siku zote, ili mtaa usimhitaji tena mama yake na yeye apate namna ya kumwambia kwamba zamu yake imekwisha. Karani wa pale alifungua jalada. Barua zote tatu zilikuwamo, kila moja na muhuri wa kupokelewa.

"Dada, tangu mama akae pale hatujapata lalamiko hata moja. Mtaa wenu ndio wa mfano. Sasa tukibadilisha kibao, tutasema tumerekebisha nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliingia stoo, akatoka na kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, mama asije akagongwa. Akaomba saini ya kupokea, na fundi akatia saini.

Kizibao kilikuwa cha mwanamume mnene. Asubuhi ya tarehe moja fundi alimvalisha mama yake palepale kigodani, akapiga magoti na kuanza kukipunguza mbavuni kwa pini, kwa sababu hawezi kumwacha mama yake avae nguo inayopwaya. Dereva wa teksi wa nyumba ya nne alichungulia, akaona njano upande wa kushoto, akaliacha gari lake lilipolala.

"Gari wamesema linakuja saa ngapi?" mama akauliza.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Hakuzitoa.