Garantii ya Mama Selpha

Enzi zile nikiuza baiskeli nilikuwa na mdomo, na sikatai. Ukinunua kwangu nakupa risiti, nakupa kadi ya garantii, halafu nakupa maneno. Usimpe fundi wa barabarani aifungue. Usiichomelee keria. Usiipake dizeli ati ing'ae. Mtu anaitikia, ndiyo Bwana Mbarak, nimesikia Bwana Mbarak, na wiki inayofuata naiona ikipita na keria ya vyuma vya kitanda, magunia mawili ya mahindi juu yake, na shemeji yake juu ya magunia. Gia zikikataa, anakuja kunililia mimi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Baiskeli za gia, zile za matairi mapana ambazo watu waliziita maunteni, zilikuwa bado kitu cha kusimamisha watu barabarani Kisumu. Waliokuwa wakiniletea kutoka Nairobi walikuwa wagumu kama kiatu kipya. Garantii yao ilitaka baiskeli isiguswe na fundi mwingine, iletwe sevisi kabla miezi mitatu haijaisha, na baada ya sevisi mwenyewe aiendeshe, mimi nikishuhudia, ndipo nigonge muhuri kwenye kadi. Mwenyewe, si mtoto wake. Mwalimu Walubengo aliwahi kumtuma mpwa wake aendeshe kwa niaba yake, nami kwa upole wangu nikagonga. Nairobi wakajua, sijui nani aliwaambia. Mwalimu wakamnyima breki mpya, na mimi wakanisema kwenye simu mpaka sikio likapata moto. Tangu siku hiyo upole wangu niliuacha nyumbani kwa mke wangu Rehma.

Katika wateja wangu wote, mmoja tu ndiye aliyesikia kila neno. Mama Selpha, mjane wa Mamboleo. Alikuwa akipeleka maziwa kila alfajiri kutoka kwake mpaka kwa wakubwa wa Milimani, mitungi imefungwa juu ya keria niliyomwuzia mimi mwenyewe, ya kukazwa kwa nati. Alivaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni na kupanda baiskeli ile bila kujali nani anacheka. Baiskeli yake ilikuwa safi kuliko vyombo vya watu wengine. Lakini gia zilikuwa zimeanza kuruka. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa kibovu tangu kiwandani, hata mimi nilikiona. Akifika penye mlima, cheni inaruka, anashuka, anasukuma. Maziwa yakafika yamechelewa, mara mbili yakafika yameganda. Nyumba moja ya Milimani ilikuwa imekwisha kumwambia asije tena, na nyingine zilikuwa zinafikiria. Bila maziwa yale hakuwa na kitu kingine, na kidude kile hukukipata popote Kisumu isipokuwa kabatini kwangu, kwa wenye garantii hai.

Alikuja Jumamosi, siku ya mwisho ya miezi yake mitatu. Nilifurahi kumwona kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwogopea. Nikaita, "Oketch, njoo uchukue baiskeli ya mama."

Oketch alikuwa fundi wangu mpya. Nilikuwa nimemtoa makutano ya Mamboleo, ambako alikuwa akiziba pancha, nikampeleka Nairobi akafundishwa gia, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzigusa. Akatoka nyuma na spana mkononi. Akamwona Mama Selpha. Mama Selpha akamwona.

Sijawahi kuona watu wawili wakiachana haraka vile. Mama aliegemeza baiskeli kwenye kaunta, akajifunika uso kwa leso, akatoka nje mbiombio, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa fundi cherehani. Oketch naye aligeuka nyuma akarudi alikotoka, akasimama ameangalia ukuta.

"We Oketch, umemwibia huyu mama nini?" nikamwuliza.

"Sijaiba kitu, Bwana Mbarak," akasema polepole. "Huyo ndiye mama ya Benta. Mama mkwe yangu."

Mimi ni mtu wa Kaloleni, nimezaliwa Kisumu hii na nimekula samaki wake tangu sina meno, lakini mambo mengine ya Wajaluo yalikuwa yakinipita. Mama mkwe wangu mimi hula nami sahani moja na kunitukana papo hapo. Kwao ni heshima tupu. Mkwe hampi mama mkono, hakai naye karibu, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na kwa hawa wawili ilikuwa mbaya zaidi, maana Oketch alikuwa amemchukua Benta wakaenda kukaa Manyatta, na alikuwa bado hajaenda kwa akina Benta rasmi kujitambulisha na wazee wake. Kwa hivyo mama asingeweza kukanyaga nyumba yao, na Benta asingeweza kurudi kwao kumwona mama.

"Sasa itakuwaje?" nikasema. "Baiskeli isipohudumiwa leo garantii imekufa."

"Nitaihudumia," akasema Oketch. "Lakini siwezi kuongea na yeye. Wewe utaongea."

Basi nikageuzwa simu, mimi na umri wangu. Nilisimama mlangoni, Oketch ndani ananigeuzia mgongo, Mama Selpha nje nyuma ya ukuta, na maneno yote yakapitia kwangu.

"Mwulize gia zinaruka namba gani," akasema Oketch.

Nikatoka nikamwuliza. "Mwambie ni ile ya kupanda mlima," akasema Mama Selpha kutoka nyuma ya leso. "Na mwambie mimi sijaguza. Hata nati moja sijaguza."

Nikarudi. Oketch aliikagua yote, akasema kweli haijaguswa, akafungua kidude kibovu. Nikatoa kipya kabatini, nikamwambia Mama kwamba kinafungwa, lakini nisipogonga muhuri leo, nitalazimika kukifungua tena. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniita karibu.

"Mwulize," akasema, "siku ile ilikuwa mvua ama jua?"

Nikadhani anaulizia kutu ya cheni. Nikaenda nikauliza hivyohivyo. Spana ikasimama mkononi mwa Oketch.

"Mwambie ilikuwa mvua," akasema. "Anaitwa Akoth."

Hapo ndipo nilipojua kuna mtoto, maana Akoth ni jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Nilipomfikishia Mama jina hilo alishika ukuta wa watu kwa kiganja, akalirudia kwa sauti ndogo, Akoth, Akoth. Alikuwa amesikia sokoni tu kwamba Benta amejifungua. Hakuna aliyemwambia ni mvulana au msichana.

Tangu hapo sevisi ikawa sevisi ya ajabu. Mwulize breki ya nyuma imekazwa? Mwambie imekazwa. Mwulize mtoto ananyonya vizuri? Mwambie mpaka anajitapikia. Mwambie cheni asiitie mafuta mengi. Mwulize Benta ana maziwa, anakunywa uji? Mwambie uji anakunywa, lakini usiku analia, anamtaka mama yake. Hilo la mwisho sikulifikisha upesi. Nilisimama kizingitini nikajifanya nakohoa. Nina binti mimi, Zeituni, ameolewa Mumias, na nilimsikia kana kwamba ni yeye anayelia. Nilipolifikisha, Mama Selpha alisema, "Kila siku napita hapo Kondele na maziwa. Manyatta iko hapo tu. Sigeuzi kichwa, kwa sababu nikigeuza nitaenda." Akajipangusa kwa ncha ya leso. Nami nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Baiskeli ikaisha. Ikabaki kuendeshwa. Nikamwambia Mama apande, azunguke barabara, nione.

"Mbele ya mkwe?" akasema. "Nirushe mguu juu, yeye anaangalia? Hapana, baba. Heri hiyo garantii ife."

"Mama, ikifa nafungua kidude."

"Fungua."

Ni mkaidi mwanamke yule. Alisema fungua huku machozi yakimtoka, na nilijua na yeye anajua kwamba bila gia ile maziwa ya Milimani yamekwisha. Nikarudi ndani na hasira zangu. "Oketch, mama yako ananiua. Hapandi ukiwepo. Mimi Nairobi nitawaambia nini?"

Oketch alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, anapangusa tu, mikono imeshakuwa safi zamani. "Bwana Mbarak," akasema, "hiyo gia ya kupanda, hapa mjini huwezi kuijaribu. Hapa ni tambarare."

"Kwa hivyo?"

"Inataka ile barabara ya kupanda Kondele. Halafu unaingia Manyatta, kuna mawe, unajua kama inaruka ama hairuki. Iko nyumba moja ya mlango wa buluu, hapo karibu na kisima. Akifika hapo apige kengele. Kengele pia lazima ijaribiwe." Akakikunja kitambaa. "Mwambie asishuke. Mama mkwe hawezi kuja kwangu. Lakini mtu akiwa juu ya baiskeli bado hajafika kwa mtu. Yuko barabarani anapita."

Kisha nikatoka nikayasema yote kwa Mama Selpha kama nilivyoyapokea, neno kwa neno, na mlango wa buluu nikautaja mara mbili. Alifunga leso yake vizuri kiunoni.

Nilimwachia Oketch duka, akiwa ameangalia ukuta, nami nikachukua baiskeli nyingine nikamfuata, kwa sababu lazima nishuhudie. Miaka mingi nikiuza baiskeli na sikuwa nimepanda mlima kwa baiskeli tangu nioe. Mama alinitangulia, gia ikakaa, haikuruka hata mara moja, na mimi nyuma yake natweta na kuwalaani watu wa Nairobi.

Pale kwenye mlango wa buluu alisimama, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedeli, ameshika usukani kwa mikono miwili. Akapiga kengele. Ilikuwa kengele nzuri, mimi ndiye niliyeichagua.

Benta alitoka na unga mikononi. Alipomwona mama yake alisimama tu, mdomo wazi, kisha akarudi ndani akikimbia, akatoka na mtoto akiwa amefungwa kwenye shuka. Alimweka mikononi mwa mama yake, juu ya usukani, na yeye mwenyewe akamkumbatia mama yake kiunoni akalia wazi mbele ya majirani. Mimi niliishika keria kwa nyuma, baiskeli isianguke. Nilitaka sana kumwambia Mama ashuke, akae hata dakika moja, nani atamwona? Lakini hakushuka. Alimnusa mtoto kichwani, akamwimbia kitu kwa Kijaluo, akamwimbia tena, mpaka mkono wangu ukafa ganzi.

Tuliporudi dukani alibaki nje nyuma ya ukuta wake. Nikachukua kadi, nikagonga muhuri kwa nguvu.

"Mwambie gia iko sawa," akasema Mama Selpha. "Hairuki. Na mwulize, garantii inataka nilete tena lini?"

Nikaingia. Masharti yale nayajua mimi kuliko mtu yeyote Kisumu. Sevisi ni moja tu, na ilikuwa imekwisha. Oketch alikuwa bado ameangalia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwambie kila mwezi," akasema. "Na kila mara lazima ijaribiwe mlimani."

Nikatoka nje, nikamwangalia mama yule machoni, mimi Mbarak wa masharti. "Kila mwezi, Mama," nikamwambia. "Ukikosa hata mmoja, garantii imekufa."