Moto wa Nyumba ya Warfa

Watu wa Garissa walikuwa na huruma nyingi mwaka ule, na huruma yao ilinichosha kuliko njaa. Nikishuka mtoni kuchota maji, wanawake wananyamaza. Nikipandisha na mtungi wangu, wananisalimu kwa sauti ya matangani. Mimi sikuwa na matanga. Mume wangu, Warfa, aliondoka na ngamia wa serikali kuwapelekea askari maji huko Buna, vita vya Waitaliano vilipovuka mpaka. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyekuja kuniambia kwamba amemzika kwa mikono yake. Kwa hiyo nilikuwa na mume, na aliyesema vinginevyo nilimgeuzia mgongo.

Mwaka ukafika mwisho. Mwaka wetu hauishi pamoja na wa Wazungu. Unaisha Julai, wakati wa baridi na upepo, siku ambazo watu wa pwani nao wana Nairuzi yao. Sisi Wasomali tunasema Dabshid, siku ya kuwasha moto. Magharibi ikishapita kila nyumba inawasha moto wake, na mwenye nyumba anauruka mbele ya watoto, ili mabaya ya mwaka uliokwisha yabaki upande wa pili. Sheikh wetu hakuyapenda mambo hayo. Basi tuliyafanya kimya kimya, kila mtu ndani ya ua wake, bila ngoma wala mbwembwe.

Tatizo langu lilikuwa hilo la kuruka. Katika ukoo wa Warfa, mwanamume akiruka moto wa ndugu yake, amekwisha kusema mbele ya watu wote kwamba ndugu huyo amekufa, na kwamba mjane na watoto sasa ni wake. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Asubuhi ya siku hiyo akaja Issack, mdogo wake Warfa. Issack ni mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mbaya ningemfukuza kwa fimbo nikalala usingizi mzuri. Alileta samli na buni za kukaanga na kutafuna. Akakaa nje ya mlango, hakuingia.

"Dumaashi," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mke wa kaka, "jioni nitakuja kuruka."

"Kuruka nini? Moto wako uko kwa mama yako."

"Watoto wanahitaji mtu."

"Wana baba."

Akainama, akachezea mchanga kwa kidole. "Naimo, wallahi nimewauliza wote waliorudi. Mwaka mzima nauliza."

"Na yupi aliyemwona amekufa?"

Akaufuta ule mchanga kwa kiganja.

"Basi nenda zako, Issack. Moto huu una mwenyewe."

Akaondoka, na samli akaiacha. Nilijiona shujaa mpaka adhuhuri hivi. Kisha nikakaanga zile buni, harufu ikajaa ua mzima, na hakuja mtu. Miaka ya nyuma ua wangu ulikuwa hauna pa kukanyaga siku hiyo. Lakini kwa mjane watu wanakwenda na pole, na kwa mke wanakwenda na utani. Kwangu hawakujua waje na nini, wakabaki makwao. Nilijisikia mpweke kiasi kwamba nilimsemesha mbuzi.

Giza lilipoanza kuingia nikawasha moto mdogo wa vijiti alivyookota binti yangu mkubwa, Sirad, aliyekuwa na miaka sita. Mdogo wake, Kaaha, alikaa mapajani mwangu akitafuna buni na kujipaka samli mpaka masikioni. Kutoka ua wa jirani tulisikia kishindo cha miguu, kisha watoto wakipiga kelele za furaha. Halafu ua wa pili. Halafu wa tatu.

"Hooyo, sisi je?" Sirad akaniuliza.

"Sisi tunamngoja aabo, baba yenu."

"Anakuja leo?"

"Inshallah."

Tukangoja. Naam, na mimi mtu mzima nikawa naangalia mlango wa ua kama mjinga. Vijiti vikaanza kuwa makaa. Kaaha akaanza kulia, kwa sababu hata mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua kwamba moto ukizimika haujarukwa, mabaya yote yanaingia ndani kulala na nyie. Sirad akasimama, akakunja gauni lake aruke yeye. Nikamdaka.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia Issack, nikawakasirikia majirani na vishindo vyao, nikamkasirikia Warfa mwenyewe popote alipokuwa. Nikatupia vijiti vilivyobaki, nikambeba Kaaha kiunoni, nikakusanya nguo yangu mkono mmoja, nikaruka.

Kaaha akacheka kwa kwikwi. Sirad akapiga makofi. Na mimi nikacheka, kicheko cha kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nimewaweza wote, nikawaza. Moto umerukwa, na hakuna mwanamume aliyemtangaza Warfa kuwa maiti.

Sirad akaacha kupiga makofi.

"Hooyo, anayeruka si ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye."

"Basi sasa ni wewe."

"Ni mimi, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi aabo amekufa."

Hakuwa akiniuliza. Alilisema polepole, kama mtoto aliyeambiwa angoje na sasa amechoka kungoja. Neno nililolizuia nje ya ua wangu mwaka mzima nilikuwa nimeliingiza kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikaketi chini. Nikamvuta kifuani pamoja na mdogo wake, nikasema, "Ndiyo, Sirad. Amekufa." Kisha nikamlilia mume wangu, kwa sauti, majirani wote wakisikia.